Homa ya Mzabibu wa Ghorofa ya Nne

Jumapili, 2 Machi

Leo nimeamua. Mwaka huu nitakunywa divai yangu mwenyewe.

Niandike mambo yalivyo, ili siku ukweli ukitafutwa upatikane mahali. Mzabibu ni wangu. Niliupanda mimi, Bondo, kwa mikono hii, mwaka tulipohamia jengo hili hapa Kutaisi. Kijiti chenyewe nilikikata kwa baba yangu kijijini, wiki ile nyumba yake ilipouzwa. Nilikibeba ndani ya koti kama mtoto wa paka. Sikutoka na kingine kule.

Nikakichomeka chini ya ukuta. Kikashika, kikapanda. Mimi nakaa ghorofa ya nne, na hapo ndipo balaa lilipo. Ili unifikie, mzabibu lazima upite kwa Karlo ghorofa ya pili, kisha kwa Mama Venera ghorofa ya tatu. Unapita kama mgeni mwenye adabu, kila roshani unaacha zawadi. Kwa Karlo vichala. Kwa Venera vichala. Kwangu unafika umechoka, mikono mitupu, unanipa majani.

Majani tumekula. Tsiala, mke wangu, huyafungia nyama na mchele, na ni matamu, sikatai. Lakini mwanamume hawezi kuinua glasi ya majani.

Na Karlo ni shemeji yangu. Kaka yake Tsiala, tumbo moja. Kila Sikukuu ya Mtakatifu Giorgi, jengo zima likiwa mezani uani, anashuka na mtungi wa divai aliyoikamua kwa zabibu za mzabibu wangu. Anamimina. Anasimama. Anamshukuru Mungu, jua, mvua na udongo. Mwaka jana aliushukuru hata ukuta. Mimi hakunitaja. Nikanywa. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Dawa yake ni mkasi. Mzabibu huzaa pale ulipoachiwa macho, yaani yale machipukizi yaliyolala kwenye matawi. Ukiyaondoa macho ya chini, chakula chote kinapanda juu.

Juu ni mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Kikwazo. Roshani ya Karlo ni ya Karlo. Hawezi kuniruhusu niingie na mkasi.

Tsiala akasema nimwombe tu kaka yake vikapu viwili vya zabibu, hatakataa. Nimwombe! Nikamwambia mwenye ng'ombe haombi maziwa. Akasema mwenye ng'ombe humlisha ng'ombe wake, na mzabibu ule kiangazi chote humwagiliwa na Karlo. Yapo maneno yasiyostahili jibu.

Baada ya chakula wazo likaja lenyewe. Mzabibu unaumwa. Una homa. Nikaiita homa nyeupe. Haina dalili yoyote inayoonekana, na huo ndio uzuri wake.

Nikamkuta Karlo kwenye ngazi, nikavaa uso wa msiba. Nikamweleza kwamba homa nyeupe imeshaingia vijiji vya jirani, huanzia matawi ya chini, na tiba ni kukata mapema. Akaniuliza nimeipata wapi habari hiyo. Nikasema kwa wataalamu. Wataalamu gani? Nikasema wa homa. Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe, shemeji. Mambo mazito hayo. Tuyafikirie." Mtu akikwambia tuyafikirie, ujue amekataa.

Kwa Mama Venera nikaenda na sauti ya upole. Yeye ni mjane, mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa huu imezaliwa mikononi mwake, na wote bado anawaita wanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje kwenye roshani, akaligusa shina kwa mgongo wa kiganja, kama vile mtu anavyopima paji la uso la mtoto. Akasema huyu hana homa, huyu ana mimba. Akasema maisha yake yote hajamkata mama hata mmoja kwa sababu tu mwanamume kasimama mlangoni kasema anaumwa.

Sawa. Venera ni mzee, atasubiri. Nitaanza na Karlo.

Alhamisi, 6 Machi

Kila Alhamisi Karlo huenda bustanini kucheza dadu na wazee wenzake. Ufunguo wa kwake tunao sisi, kwa sababu akisafiri Tsiala humlishia chiriku wake. Tsiala alikuwa sokoni. Ufunguo ulikuwa msumarini. Mimi sikuvunja kitu.

Chiriku alinitazama. Nikapita naye kimya, nikatoka nje kwenye roshani, nikaanza kazi. Nilikata kwa raha ambayo siwezi kuieleza. Kila tawi lililoanguka nililipa jina la sikukuu moja niliyonyweshwa divai yangu kama mgeni. Sikuacha jicho hata moja. Likabaki shina kuu peke yake, jeusi, limenyooka kwenda kwangu kama bomba la maji.

Kisha upepo ukaufunga mlango wa roshani.

Komeo la Karlo hujifunga lenyewe kwa ndani. Alilitia mwaka jana kwa kuogopa wezi. Koti langu lilikuwa ndani, juu ya kiti chake. Nikajikaza kisabuni. Baada ya muda meno yakaanza kugongana.

Sauti ikatoka juu ikiuliza kama yule ni Bondo, na anafanya nini kwa Karlo. Nikasema napima homa. Kisha mbele ya pua yangu kikashuka kikapu cha Mama Venera, kile anachokishusha kwa kamba kununua mboga kwa wapita njia. Ndani mlikuwa na shali ya sufi ya rangi ya zambarau na kipande cha mkate wa maharage. Nikajifunga shali. Nikala mkate. Ulikuwa wa moto, na ukweli ni ukweli.

Tsiala akarudi kutoka sokoni, akasimama uani na kabichi mkononi, akanitazama. Nikatoa ufunguo mfukoni ili nimrushie, na papo hapo Karlo akaingia langoni.

Alipanda, akafungua mlango wa roshani, akaniangalia kuanzia shali hadi viatu. "Shemeji, umeingilia mlangoni au umeota hapo?"

Nikamwambia homa imelipuka ghafla, nisingeweza kumsubiri, na kwamba nimemwokolea mzabibu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Ngumi nilikuwa nimeshazikunja chini ya shali. Yeye akatazama rundo la matawi sakafuni kwa muda mrefu. Halafu akanishukuru. Akanichemshia chai. Akaniwekea asali.

Sikuipenda chai ile. Mtu uliyemdhulumu akikutengenezea chai, ana jambo.

Jumanne, 11 Machi

Mzabibu unalia. Hata mtoto wa hapa anajua kwamba ukikatwa maji yakiwa yanapanda, unalia. Kila jeraha linadondosha tone. Kwa Karlo majeraha ni mengi, kwa hiyo matone ni mengi.

Tone moja lilimwangukia Noshrevan kwenye upara akisoma gazeti. Noshrevan anakaa ghorofa ya chini na ndiye mwenyekiti wa jengo. Ana mzabibu wake mwenyewe upande wa pili wa ua, kwenye chanja, anaoupenda kuliko jamaa zake wengi. Akainua uso, akauliza ni maji gani yale. Karlo alikuwa roshani. Akamjibu kwa huruma nyingi kwamba ni homa nyeupe, Mwenyekiti, inatoa majimaji, muulize shemeji, ndiye daktari.

Noshrevan akajifuta upara kwa leso. Kisha akaitupa leso.

Kufika adhuhuri ua mzima ulijua. Kufika jioni ua mzima ulijua zaidi yangu. Mwenye duka alisema homa hiyo imeteketeza mizabibu yote ng'ambo ya mto. Mama mmoja wa jengo la pili alifunga madirisha. Bwana mmoja aliniambia mimi, mimi niliyeibuni, kwamba nimechelewa kuijua, kwao wanaijua tangu enzi za babu.

Noshrevan ametangaza mkutano Jumamosi. Jambo ni moja tu: kuukata mzabibu wangu shinani na kuuchoma, kabla haujaambukiza wa kwake.

Tsiala akaniambia niende sasa hivi nikaseme maneno matatu: hakuna homa, nilidanganya. Akasema yanasemeka kwa pumzi moja. Nikamwambia mimi sikuzaliwa kusema maneno hayo. Akasema hilo analijua, amekaa nami miaka mingi.

Nikaenda kulala bila kula.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia. Mgonjwa anayetibiwa hachinjwi. Watu wakiniona natibu, watapoa.

Nikachanganya mrututu wa buluu na chokaa, dawa halisi ya mizabibu, wala si uongo. Nikajitwika bomba la kupulizia, nikasimama roshani kwangu ambapo kila mtu angeniona, nikaanza kupuliza kuelekea chini.

Upepo wa leo sikuutegemea.

Mama Venera alikuwa ameanika mashuka meupe sita. Sasa ana mashuka ya buluu sita. Karlo alikuwa amemtoa chiriku apate hewa. Chiriku alikuwa wa manjano. Sasa ni rangi ambayo haina jina. Karlo hakupiga kelele. Alimwambia Tsiala anifikishie kwamba ndege mzima, anaimba, na majirani wanapanga foleni kumtazama.

Venera alipiga bomba la maji kwa kijiko, ndivyo anavyoniita, akaniambia nishushe kamba nivute juu kikapu chake. Nikavuta. Kikapu kikaja kimejaa mashuka, na juu yake kipande cha sabuni.

Nimeyafua kwa magoti hadi mikono ikakunjamana. Buluu imebaki. Tsiala akasema yanafanana na mbingu. Nadhani alikuwa ananicheka.

Jumamosi, 15 Machi

Nina mengi ya kuandika na bado nina hasira.

Watu walijaa uani kama kwenye arusi. Noshrevan alikuja na msumeno. Alikuwa ameunoa, niliona unavyong'aa. Akaeleza hatari. Kila mtu akakubali kwa kichwa, na waliokubali kwa nguvu zaidi ni wale wasio na mzabibu.

Nikaenda kusimama mbele ya shina, mgongo wangu ukiligusa. Nikawaambia wakitaka kuukata waanze na mimi. Noshrevan akajibu kwa utulivu kwamba msumeno ule hautoshi kwa wawili.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisikia gome linanikwaruza shati mgongoni, gamba baada ya gamba, kama mkono wa mtu mzee. Nikakumbuka uwanja wa baba, mlango uliotolewa bawaba, mnunuzi akipima hatua. Basi yale maneno matatu yakaja yenyewe mpaka mdomoni. Naapa yalikuja. Nilikwisha kusema "Hakuna."

Hapo Karlo akainua mkono.

Akasema yeye anamwamini shemeji yake. Akasema shemeji ndiye aliyeigundua homa, na yeye mwenyewe ni shahidi, kwa sababu alimkuta kwenye roshani yake akipambana nayo bila hata koti. Chini pameshatibiwa. Sasa homa hupanda na maji, si ndivyo, daktari? Nikasema ndivyo. Basi imebaki juu. Kwa nini tumuue mgonjwa? Tukate matawi yote ya ghorofa ya nne mpaka kwenye shina kuu, kama yalivyokatwa ya kwangu, na homa itakosa pa kulala.

Ua mzima ukapiga makofi. Kisha macho yote yakanigeukia mimi.

Nikikataa, basi homa haipo. Homa kama haipo, basi mimi ni mtu aliyeingia nyumbani kwa mwenzake na mkasi. Nikasema ni ushauri mzuri sana.

Karlo alikuja na mkasi mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Alikata taratibu kama kinyozi. Kila tawi alilishika, akanigeukia, akauliza, "Na hili, daktari?" Nami nikawa nasema, "Na hilo." Hakuacha kitu. Alipomaliza Tsiala akamwandalia ugali na jibini. Damu ni damu.

Kwa Mama Venera walishindwa. Noshrevan alipanda akagonga, akamwambia kwamba imebaki roshani yake tu. Venera akamjibu mlangoni, kwa sauti ambayo hata uani tuliisikia, "Noshrevan mwanangu, wewe nilikupokea umetanguliza makalio. Usinifanye nikumbuke mengine mbele za watu." Mwenyekiti akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda, akaufunga msumeno wake kwenye gunia.

Mzabibu umepona. Niliyeuokoa ni mimi. Karlo alisaidia kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Sikuandika muda mrefu kwa sababu hapakuwa na la kujivunia. Leo pia halipo, lakini nimechoka kunyamaza.

Kwangu mzabibu umeota kwa fujo. Matawi marefu, mabichi, manene kama kidole gumba. Yamepita dirisha, yamepanda paa, yamekumbatia antena, na sasa televisheni ya Tsiala inaonyesha theluji kiangazi. Majani ni makubwa kama sinia. Nimetafuta kichala kwa darubini. Hakuna hata kimoja.

Kwa Karlo hivyo hivyo. Majani matupu. Hilo lilinifariji kwa siku mbili.

Lakini kwa Venera! Kumbe chakula chote cha shina lile, ambacho zamani kiligawanywa sehemu tatu, sasa kimekwenda kwenye macho yaliyobaki, na yaliyobaki ni ya kwake. Vichala vimeninginia mpaka haoni nje. Ameegemeza ufagio chini ya tawi moja ili lisivunjike. Anakaa katikati yao jioni, kwenye kivuli, anamenya maharage.

Nilisimama uani nikitazama juu. Nikahisi mtu kando yangu. Ni Karlo, naye anatazama. Tukasimama bega kwa bega, jambo ambalo halijatokea tangu arusi yangu. Akasema, "Tumeramba garasa, shemeji." Nikamwambia aseme lake, mimi bado sijaramba chochote, kiangazi ni kirefu.

Tsiala aliniuliza kiangazi kitabadilisha nini. Nikamwambia asiniharibie fikra.

Alhamisi, 18 Septemba

Zimeiva. Zimekuwa nyeusi, na harufu yake inapanda moja kwa moja mpaka kitandani kwangu. Haya ni mateso.

Lakini harufu ikipanda, na zabibu zinaweza kupanda. Nikachukua kamba, nikafunga wavu mdogo wa samaki, na pembeni yake wembe kwenye kijiti. Si wizi. Mtu anayevuta kilicho chake kwenda juu haibi. Nikangoja Venera aingie jikoni, nikashusha.

Wavu ulikwenda vizuri. Ukafika kwenye kichala kinene. Kisha ukakwama. Nikavuta. Nao ukavuta. Nikavuta kwa nguvu, nao ukanivuta mpaka kifua kikagonga ukingo. Nikachungulia. Kutoka ghorofa ya pili kulikuwa kumepanda mpini mrefu wa mopu wenye mkasi juu, umejinasa kwenye wavu wangu, na mwisho wake wa chini alikuwepo Karlo, mwekundu kama bitiruti.

Tukatazamana. Hakuna aliyeachia. Ni heshima.

Katikati yetu mlango ukafunguliwa, Mama Venera akatoka na bakuli. Akatazama juu, akatazama chini. "Wanangu, mnavua nini leo?" Nikasema napima upepo. Karlo akasema anafuta utando wa buibui. Venera akachukua kamba yangu na mpini wa Karlo, akavifunga pamoja kwa fundo la kikunga ambalo sijaona mfano wake, akakaa chini kuendelea na viazi vyake.

Alipomaliza viazi akasema tuje na ndoo siku ya kuvuna. Kazi ipo, na mgongo wake hauwezi tena.

Mopu ya Karlo bado inaning'inia. Kamba yangu pia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumevuna kwa Venera. Mimi na Karlo, ndoo juu, ndoo chini, tangu asubuhi. Tsiala na Venera walikaa wanachovya kokwa za jozi zilizotungwa uzini kwenye uji wa zabibu, zikauke ziwe peremende, na kila tulipopita na mzigo walinyamaza, na kila tulipokwisha kupita walicheka.

Tulizikanyaga sisi wawili kwenye chumba cha chini, miguu mitupu, ndani ya pipa moja. Pipa ni dogo, hivyo ilibidi tushikane mabega. Karlo akasema mimi nakanyaga kama anayezima moto. Nikamwambia yeye anakanyaga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Tukaendelea. Baada ya muda akaanza kuimba, na wimbo wenyewe unahitaji sauti ya pili, haukamiliki bila hiyo. Nikaimba. Niliimba kwa ajili ya wimbo, si kwa ajili yake.

Divai ni ya Venera. Ni mitungi mingi kuliko Karlo alivyowahi kupata. Nimeosha miguu mara nne na bado ni ya zambarau.

Jumapili, 23 Novemba

Sikukuu. Meza ndefu uani, chini ya chanja cha Noshrevan. Mwaka huu mtungi haukushuka na Karlo peke yake. Aliushika upande mmoja, mimi upande wa pili, na Mama Venera akatangulia mbele na gauni lake la kanisani.

Yeye si mtu wa hotuba. Walipomwambia aseme, alisimama akaanza kwa kutushukuru sisi wawili kwa upumbavu wetu, kwamba bila huo asingepata hata nusu. Watu wakacheka sana. Noshrevan alicheka kuliko wote, mtu ambaye Machi alishika msumeno.

Nilikuwa tayari nimeinamia sahani yangu. Kisha nikamsikia anaendelea. Akasema miaka yote tunakunywa hapa, tunashukuru jua na mvua na kuta. "Lakini mzabibu huu una aliyeupanda. Ni huyu hapa. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona akipiga magoti kwenye tope. Alikuwa analia. Sikumwambia mtu kwa sababu hayakuwa yangu." Akainua glasi, akasema hii ni kwa Bondo na kwa baba yake.

Wakasimama wote. Karlo alikuwa wa kwanza kusimama. Akanywa glasi yote, akaigeuza juu chini kuonyesha haina kitu, akaja kunibusu shavuni.

Nami nikanywa. Sitaandika ilikuwaje. Tsiala akaniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeamka nikiwa na akili safi, na nimeona jambo ambalo jana kwa sababu ya machozi ya watu lilitaka kunipita. Siku ya kwanza watu walipojua mzabibu ni wangu, divai yote ilikuwa ya ghorofa ya tatu. Hilo si haki. Bahati nzuri jana ile ile, baada ya mtungi wa tatu, nilikuwa nimekwisha kulitibu.

Nilisimama, nikagonga glasi, nikamwambia Mama Venera mbele ya jengo zima kwamba tubadilishane. Mwaka ujao zabibu zote za roshani yake ziwe zangu, na zote za roshani yangu ziwe zake. Nilitegemea atakataa. Nilikuwa na hoja saba mfukoni. Akanipa mkono kabla sijafika hoja ya kwanza. Karlo akaitenganisha mikono yetu kwa kiganja, kama inavyotakiwa makubaliano yanapofungwa, na Noshrevan akawa shahidi. Sasa hawezi kurudi nyuma. Uzee ni kitu cha kusikitisha. Mkunga mwerevu vile, kakubali kupokea majani.

Asubuhi hii nikamweleza Tsiala ushindi wetu kwa utaratibu. Akaacha kukanda unga. Akasema mzabibu huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia. Akasema matawi marefu kuliko yote ya mwaka huu yako hapa kwetu, mpaka kwenye antena, na mengine kwa Karlo. Akasema upande wa Venera umezaa mpaka umechoka na mwakani utapumzika, hilo analijua kila mtu jengoni, na ndiyo maana Karlo alikuwa anajiuma midomo. Mwaka ujao ungekuwa mwaka wetu, Bondo, akasema. Ulikuwa unakuja wenyewe. Ulitakiwa kukaa tu.

Nikamwambia mimi nina macho. Nimebeba ndoo kwa mikono yangu, najua zilikotoka. Akaniangalia kama alivyonitazama siku ile ya kabichi. Kisha akajifuta mikono, akashuka kwa Venera kuazima hamira, na hamira ipo kabatini. Nimewasikia kwenye ngazi wanacheka mpaka wanakohoa.

Wacheke. Kila mtu mwenye maono alichekwa kwanza.

Nimekwenda kwa mfinyanzi kuagiza mitungi. Nimeagiza mikubwa. Akaniuliza mavuno yangu yako wapi hata nihitaji yote hiyo. Nikamwambia, ghorofa ya tatu.